Picha za moyo uliovimba zinasema nini kuhusu siku za mbele? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, na siku nyingi za wiki chumba changu ni cha moyo. Swali ninaloulizwa kuliko yote huja mwishoni, mgonjwa akiwa amekaa ukingoni mwa meza anatafuta viatu vyake kwa miguu: "Umeonaje, nitapona?" Siruhusiwi kulijibu, kwa kuwa anayesoma picha ni daktari. Ila hata daktari hulijibu kwa tahadhari, na sababu za tahadhari hiyo zinaelezeka. Hapa nimekusanya maswali ya wagonjwa na ndugu zao. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kumwelewa akianza kukusomea ripoti.

Moyo kuvimba maana yake nini? Ndiyo huo moyo mkubwa?

Hapana, ingawa kimoja kinaweza kuzaa kingine. Moyo mkubwa ni umbo: vyumba vimetanuka. Kuvimba ninakokuzungumzia hapa ni vita inayopiganwa ndani ya tishu ya moyo. Seli za kinga zinaingia, maji yanajaa, na baadhi ya seli za misuli zinakufa. Vita ikiwa kwenye misuli, ugonjwa huitwa mayokaditisi. Ikiwa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, ni perikaditisi. Mara nyingi viwili hivyo huja pamoja, na ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliotolewa mwaka 2025 unavijadili chini ya paa moja.

Wachokozi ni wengi: virusi kama koksaki B na pavovirusi B19, magonjwa ya kinga kushambulia mwili wake yenyewe kama lupasi, sarkoidosi (ugonjwa wa vinundu vya uvimbe kwenye viungo), ugonjwa wa Chagas unaoletwa na kimelea, na hata baadhi ya dawa za saratani zinazoamsha kinga.

Kwa nini nipigwe picha? Si wamenipima damu na ECG (umeme wa moyo)?

Damu inasema seli za moyo zimeumia. Kipimo cha troponini kikipanda, kuna jeraha, lakini hakikuonyeshi liko wapi wala ni la aina gani. Isitoshe, troponini hushuka baada ya siku chache na kumwacha mtu akidhani mambo yamekwisha, kumbe ndani bado kunawaka. ECG nayo inaweza kubadilika kwa njia zinazofanana kabisa na za shambulio la moyo. Nimeshapokea vijana waliokwisha kuingizwa mpira kwenye mishipa ya moyo usiku uliotangulia, mishipa ikakutwa safi, wakaletwa kwangu asubuhi wakiwa hawaelewi kilichowapata. Picha ndiyo inayotenganisha magonjwa hayo mawili, kisha inaanza kusema safari itakuwaje.

ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) peke yake haitoshi?

Kwa kuanzia inatosha, na hakuna wa kuiruka. Ni ya haraka, inaletwa hadi kitandani, haina mionzi. Kitu cha kwanza kinachotazamwa ni EF, yaani sehemu ya damu ya ventrikali ya kushoto (chumba kikuu cha kusukuma damu) inayosukumwa nje kwa kila pigo. Kwa kawaida ni kama asilimia 55 hadi 70. Ukitaka namba moja ya kuanzia kutabiri, ni hiyo.

Rejista ya Lombardia, Italia, iliyochapishwa mwaka 2018 ilifuatilia wagonjwa 443 wa mayokaditisi ya ghafla. Iliwagawa makundi mawili kwa mambo yanayoonekana mapema tu: EF iliyo chini ya asilimia 50, mapigo hatari ya ventrikali yasiyokoma, au moyo kushindwa kupeleka damu ya kutosha mwilini. Mwenye hata kimoja kati ya hivyo alihesabiwa kuwa na ugonjwa wenye matatizo, na hao walikuwa kama robo ya wote. Katika miaka 5, kifo cha moyo au kupandikizwa moyo mwingine kuliwapata asilimia 14.7 ya kundi hilo. Kwa wale wasio na matatizo, asilimia 0.

Ninaipenda namba hiyo ya sifuri. Watu wengi wanaogopa kupita kiasi kwa sababu neno "moyo" limetajwa.

ECHO ina kitu kingine kinachozidi kutumika: kupima jinsi nyuzi za misuli zinavyofupika kwa urefu. Kwa mwenye afya huwa kama asilimia 20 kasoro, na huandikwa na alama ya kutoa mbele. Ukiona −12, misuli inavuta kidogo kuliko inavyopaswa, hata kama EF bado inapendeza. Kwa wagonjwa wa saratani ambao dawa za kuamsha kinga zimewaletea mayokaditisi, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kipimo hiki kinatabiri matatizo hata kwa wale ambao EF yao haijashuka. Kwao EF ni shahidi anayechelewa kufika.

MRI inaona nini zaidi?

Inaona tishu yenyewe. ECHO inakuonyesha mlango unavyofunguka na kufungwa. MRI inakuonyesha mbao zimelowa wapi na zimeoza wapi. Picha za T2 hung'aa penye maji, kwa hiyo zinaonyesha uvimbe unaoendelea. Picha za T1 hubadilika tishu inapojaa maji au nyuzi za kovu. Halafu kuna picha za kuchelewa: tunakuchoma dawa ya kontrasti, yaani ya kukoleza picha, yenye metali ya gadoliniamu, tunasubiri kama dakika 10 hadi 15, ndipo tunapiga. Misuli mizima hutoka nyeusi. Palipoharibika hubaki peupe.

Umbo la weupe huo ni kama alama ya kidole. Shambulio la moyo huanzia ndani, upande unaogusa damu, likafuata njia ya mshipa ulioziba. Mayokaditisi huchora upande wa nje wa ukuta au katikati yake, mara nyingi madoa madoa, bila kujali mshipa unapita wapi.

Vigezo vya Lake Louise nilivyoviona kwenye ripoti ni vitu gani?

Ni makubaliano ya wataalamu ya namna ya kusoma picha hizi. Vimepewa jina la mahali nchini Canada, vikachapishwa mwaka 2009 na kurekebishwa mwaka 2018. Toleo la sasa linataka ushahidi wa pande mbili: dalili moja ya maji kutoka picha za T2, na moja ya jeraha kutoka picha za T1 au za kuchelewa. Zikipatikana zote, utambuzi una nguvu. Ikipatikana moja, daktari bado anaweza kusema ni mayokaditisi iwapo dalili zako zinakubaliana nayo, ila kwa uhakika mdogo zaidi.

Hapa watu huchanganya mambo. Vigezo hivyo vinajibu swali la *una ugonjwa au huna*. Havikuundwa kujibu swali la *utakuwaje*. Unaweza kutimiza vigezo vyote ukapona kabisa.

Ripoti imeandika nina kovu. Nimekwisha?

Hapana. Na hapa nikae kidogo, kwa sababu neno hili limewanyima watu usingizi bure.

Gadoliniamu haiingii ndani ya seli iliyo hai na nzima. Inakaa katika nafasi zilizo kati ya seli. Kovu halisi, lile la nyuzi ngumu, lina nafasi nyingi za namna hiyo, kwa hiyo dawa hujikusanya pale na picha inang'aa. Lakini katika wiki za kwanza za mayokaditisi nafasi hizo zimetanuliwa na maji, na seli zilizopasuka zimeiachia dawa mlango wazi. Nazo hung'aa vilevile. Picha ya wiki ya kwanza, basi, inachanganya kilichokufa na kilicholowa, na jicho haliwezi kuvitenganisha kikamilifu. Ndiyo maana mimi silipendi neno "kovu" kwenye ripoti ya wiki ya kwanza. Ningependa liandikwe "eneo lililong'aa", basi. Mara nyingi eneo hilo hupungua miezi inavyokwenda, na kwa wengine hutoweka.

Baada ya kusema hivyo, tusijidanganye: eneo hilo lina uzito. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walichapisha habari za wagonjwa 222 ambao mayokaditisi yao ya virusi ilithibitishwa kwa biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha misuli ya moyo na kukipima. Walifuatiliwa kwa karibu miaka 5. Kung'aa kwenye picha za kuchelewa kulitabiri kifo kuliko EF, kuliko ukubwa wa moyo, kuliko hata jinsi mgonjwa alivyojisikia siku anaingia hospitali. Na kati ya wale ambao picha zao hazikung'aa, hakuna aliyepata kifo cha ghafla cha moyo, hata kama moyo wake ulikuwa umetanuka. Wengi katika kundi hilo walikuwa wagonjwa mahututi kuliko kijana anayekuja na maumivu ya kifua ya siku mbili, kwa hiyo usichukue namba zao ukazivaa kama nguo yako.

Mwaka 2017 ukaja utafiti mkubwa zaidi kutoka Marekani, watu 670 walioshukiwa kuwa na mayokaditisi. Wenye kung'aa walipata tukio baya, kwa maana ya kifo, kulazwa kwa moyo kushindwa, kupandikizwa moyo, mapigo hatari au ugonjwa kurudi, kwa kiwango cha asilimia 4.8 kwa mwaka. Wasio na kung'aa, asilimia 2.1. Hatari imeongezeka mara mbili na zaidi, ni kweli. Lakini igeuze namba uitazame upande wa pili: katika mwaka mmoja, zaidi ya 95 kati ya watu 100 wenye eneo hilo hawakupata tukio lolote kati ya hayo.

Eneo hilo likiwa dogo ni sawa na likiwa kubwa?

La. Utafiti huohuo wa watu 670 ulipima: kwa kila asilimia 10 ya misuli iliyoongezeka kung'aa, hatari ilipanda kwa asilimia 79. Kwa hiyo ripoti inayosema tu "kung'aa kupo" haijakupa kitu muhimu. Uliza ni kiasi gani.

Na mahali lilipo?

Pana maana kubwa, na watu wengi hawajui. Fikiria ukuta wa ventrikali ya kushoto kama pete. Kung'aa kwa kawaida kwa vijana wenye maumivu ya kifua huwa upande wa nje-chini, kwenye ngozi ya nje ya ukuta. Hiyo ndiyo ninayoiona mara kwa mara, na ndiyo yenye mwisho mwema zaidi. Kinachowakunja uso madaktari ni mstari mweupe unaopita katikati ya ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, hasa sehemu yake ya mbele. Utafiti wa Italia wa mwaka 2017, uliohusisha watu 386 ambao EF yao ilikuwa nzuri, uliona kuwa wenye mstari huo ndio walioendelea vibaya zaidi kuliko waliong'aa upande wa nje.

Sababu? Njia za umeme wa moyo hupita kwenye ukuta huo wa kati. Nyuzi za kovu zikiwa hapo, umeme unaweza kuzunguka na kujirudia. Inawezekana pia kwamba mstari wa katikati unatokana na chanzo tofauti kabisa, si kwamba ni ugonjwa uleule uliohamia sehemu mbaya. Mimi naegemea maelezo haya ya pili kwa wagonjwa wengi.

EF yangu ni 60 lakini kung'aa kupo. Nifuate kipi?

Vyote viwili, na daktari wako atafanya hivyo. EF nzuri inakutoa kwenye kundi la hatari ya karibu. Kung'aa kunakuweka kwenye kundi la kufuatiliwa kwa mapigo ya moyo na kurudi kwa picha. Anayekuambia kimoja kinafuta kingine amerahisisha mno.

Picha yangu imetoka safi. Basi sina kitu?

Inategemea ulipigwa lini. Maji huanza kukauka ndani ya wiki chache. Ukija mwezi wa pili baada ya homa na maumivu, T2 inaweza kuwa imekwisha tulia. Wakati unaofaa ni wiki mbili hadi tatu za mwanzo. Pia kuna mayokaditisi zinazosambaa kote kidogo kidogo bila doa, na picha za kuchelewa huzikosa kwa kuwa zinatafuta tofauti kati ya sehemu na sehemu. Zile zinazoletwa na dawa za saratani ni mfano: karibu nusu tu ndizo zilizong'aa katika utafiti mmoja mkubwa. Ramani za T1 na T2, yaani picha zinazopima kila sehemu ya misuli kwa namba, zimepunguza tatizo hilo, hazijaliondoa.

Lakini ukiwa ulipigwa mapema, EF nzuri, T2 kimya, hakuna kung'aa: hiyo ni habari njema ya kweli. Pokea.

Kwa nini naambiwa nirudi baada ya miezi 6? Ni gharama na ni usumbufu.

Kwa maoni yangu picha ya pili ndiyo yenye maneno. Ya kwanza inapiga vita ikiendelea, moshi umetanda. Ya pili inaonyesha kilichobaki kimesimama.

Kuna jambo moja humshangaza kila ninayemweleza. Waitaliano wa utafiti ule wa watu 386 walirudia picha za wagonjwa 187 baada ya miezi 6 na kuchapisha mwaka 2019. Ungedhani anayekutwa bado ana maji ndiye mwenye hali mbaya. Ikawa kinyume. Waliobaki na kung'aa *bila* maji ndio waliopata matatizo zaidi baadaye, hasa mstari ukiwa katikati ya ukuta wa kati. Wenye kung'aa pamoja na maji walikuwa bado wako njiani, nafasi ya kupona ipo. Kung'aa pakavu ni kovu lililokwisha kukomaa. Hapo ndipo neno "kovu" linapostahili kuandikwa.

T1 yangu ilikuwa 1,040 hospitali moja, na 1,210 nyingine. Ugonjwa umeongezeka?

Uliza kwanza nguvu za sumaku ya mashine, ambazo hupimwa kwa tesla. Mashine ya tesla 1.5 na ya tesla 3 hazitoi namba zinazolingana kwa misuli ileile. Ya tesla 3 hutoa T1 kubwa zaidi. Hata mashine mbili za nguvu moja zikitumia programu tofauti zinapishana. Kila kituo kinapaswa kuwa na viwango vyake vya watu wazima wa afya. Ukiweza, picha ya kufuatilia ipigwe kwenye mashine ileile. Namba hizi ni milisekunde, hazina cheo cha "nzuri" au "mbaya" zikiwa peke yake.

Mimi tatizo langu ni mfuko wa moyo, si misuli. Picha zinatabiri nini?

Perikaditisi ya kwanza kwa kawaida hutambuliwa bila MRI: maumivu yanayozidi ukilala chali na kupungua ukikaa ukiinamia mbele, ECG, na ECHO ya kutazama maji. Shida yake ni kurudi. Kati ya watu 100 waliopata mara ya kwanza, 15 hadi 30 hurudiwa, na dawa ya kolkisini hupunguza hatari hiyo kwa karibu nusu.

MRI huingia pale ugonjwa unaporudi tena na tena, au mfuko unapoanza kuubana moyo. Mfuko wa kawaida ni mwembamba, chini ya milimita 2 hivi. Ukipita 4 tunaandika kuwa umenenepa. Lakini unene peke yake haukuambii kama unaweza kulegea. Kung'aa ndiko kunakosema. Mfuko unaobana na unaong'aa bado unawaka, na wagonjwa wengi wa namna hiyo hulegea kwa dawa za kutuliza uvimbe, wakaepuka upasuaji. Usiong'aa, mgumu, wenye chokaa, dawa haziurudishi. Angalia ajabu hiyo: kwenye misuli tunasali kusing'ae, kwenye mfuko unaobana tunafurahi kukiona.

Nimeandikiwa PET kwa ajili ya sarkoidosi. Kwa nini wananinyima chakula ninachokipenda?

Sarkoidosi ya moyo hufuatiliwa kwa PET, picha inayopigwa baada ya kuchomwa sukari yenye mionzi kidogo. Seli za uvimbe ni walafi wa sukari, kwa hiyo huwaka kwenye picha. Tatizo ni kwamba misuli ya moyo nayo hula sukari ikiipata. Inabidi kwanza uilazimishe kula mafuta: milo miwili ya nyama, mayai na mafuta bila wanga siku moja kabla, kisha kufunga usiku kucha. Wenzangu wa chumba cha PET walinionyesha picha ya mtu aliyefuata kila kitu ila akamumunya vidonge vitamu vya kikohozi njiani akija. Moyo mzima uling'aa kama taa. Hakuna aliyeweza kusoma kitu, akarudishwa nyumbani kuanza upya.

Ikipigwa vizuri, inatabiri. Utafiti wa mwaka 2014 wa watu 118 uliona kwamba wenye kasoro za mtiririko wa damu pamoja na kuwaka kwa sukari walikuwa na hatari ya karibu mara 4 ya kifo au mapigo hatari. Kuwaka kwenye ventrikali ya kulia kulikuwa na uzito wa pekee. Faida nyingine ni kuona kama stiroidi zinafanya kazi: unarudia picha, unalinganisha.

CT scan je?

Kazi yake kubwa hapa ni kuondoa shaka ya mishipa ya moyo kuziba, na kuona chokaa kwenye mfuko. Kwa asiyeweza kuingia MRI, CT ya kuchelewa inaweza kuonyesha jeraha la misuli, kwa uwazi mdogo zaidi.

Dawa ya kontrasti itaniumiza figo?

Kwa mwenye figo nzima, gadoliniamu hutoka na mkojo bila shida. Hofu kubwa ilikuwa ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa uliowapata watu wenye figo zilizofeli sana, wengi waliopewa aina za zamani. Aina za sasa zinazoishika metali yake kwa nguvu zimeishusha hatari hiyo hadi kuwa ndogo mno. Bado tunauliza kipimo cha figo, na ukiwa mjamzito tunaepuka isipokuwa kuna ulazima. Sema ukweli kwenye fomu. Kuna watu hutia tiki "hapana" kila mstari bila kusoma. Nimewaona kwa macho yangu.

Humo ndani kunakuwaje?

Ni dakika 45 hadi saa moja. Kuna kelele za kugonga, kwa hiyo unavaa vizibo vya masikio. Nitakuambia kupitia spika: vuta pumzi, toa, *usivute*. Unakaa sekunde 10 hadi 15 hivi, kisha unapumua. Utaambiwa hivyo mara nyingi kuliko unavyotarajia. Ukidanganya, picha hutoka na mawimbi kama sahani ya maji iliyotikiswa, na mstari mwembamba wa katikati ya ukuta, ule tuliousema, ndio wa kwanza kupotea. Ukishindwa kushika pumzi, niambie. Kuna njia za kupiga ukiwa unapumua. Mwenye woga wa mahali pafinyu aseme kabla hajaja. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo alete kadi yake: vifaa vingi vya sasa vinaruhusiwa vikirekebishwa kwanza.

Lini nitarudi uwanjani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa miezi 3 hadi 6 bila mazoezi makali kwa kila mtu. Mwongozo wa Ulaya wa 2025 umelegeza: angalau mwezi 1, kisha uamuzi kwa mtu mmoja mmoja, kwa kutazama dalili, damu, mapigo yakirekodiwa kwa saa nyingi na wakati wa mazoezi, na picha. Sababu ya ukali wote huo ni kwamba mayokaditisi ni mojawapo ya vyanzo vya vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana. Mwenye kung'aa kulikobaki hakatazwi moja kwa moja, ila atapimwa zaidi kabla hajaruhusiwa.

Nitawekewa kifaa cha kushtua moyo?

Mara nyingi si mapema. Moyo unaweza kuinuka ndani ya miezi michache, na kifaa kilichowekwa wiki ya pili kinaweza kuwa mzigo usio na kazi. Isipokuwa kama mapigo hatari yamekwisha kujitokeza. Hapo mazungumzo ni mengine, na kung'aa kwenye picha huyasukuma.

Ugonjwa umerudi mara ya pili, na kaka yangu ana tatizo la moyo. Vinahusiana?

Huenda. Kuna jeni, kama ile ya desmoplakini, ambazo kasoro zake hujitokeza kama mayokaditisi inayorudiarudia. Kwenye picha, kung'aa huzunguka ventrikali ya kushoto kama pete karibu yote. Daktari akiliona umbo hilo, au akisikia habari ya kaka yako, ataomba kipimo cha jeni. Kwa hiyo mwambie, usingoje akuulize.

Mayokaditisi ya chanjo ya uviko ni tofauti?

Iliwapata wachache, zaidi vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili ya chanjo za mRNA. Kung'aa kulionekana kwa wengi wao, upande uleule wa nje-chini, EF ikiwa nzuri, na wengi walipata nafuu haraka. Kwa wengine kung'aa kulipungua bila kwisha, na hao wanaendelea kufuatiliwa.

Biopsi bado ina kazi?

Ndiyo, kwa wanaozidiwa haraka. MRI haiwezi kusema ni seli gani zimevamia, na mayokaditisi ya seli kubwa inahitaji dawa kali za kutuliza kinga bila kungoja. Mgonjwa anayeshuka kila saa hapelekwi kulala saa nzima kwenye mashine yangu.

Nichukue ripoti tu, au na picha?

Chukua picha zenyewe, kwenye diski au kwa njia yoyote wanayotoa. Mwaka jana alikuja mama mmoja na karatasi ya ripoti ya miezi 7 nyuma, imeandikwa mstari mmoja: "kung'aa kidogo kupo." Wapi? Kiasi gani? Na maji je? Kituo alikopigiwa hakikuwa na picha tena. Tukampiga upya, tukaona mstari ukutani, na hatukuwa na cha kuulinganisha nao.